Clarens: Mahali Yanapotokea Maji Tunayokunywa Johannesburg

Shikamooni wazee wangu, nanyi ndugu zangu wote mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo? Leo nimetoka Johannesburg, nimeendesha gari kwa saa nne hivi hadi Clarens, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Free State, jirani kabisa na mpaka wa Lesotho. Ulianzishwa mwaka 1912 na kupewa jina la Clarens ya Uswisi, alikofia Paul Kruger, aliyekuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, mwaka 1904. Majabali haya yaliyo nyuma yangu, ambayo hugeuka rangi ya dhahabu jua linapoelekea kuzama, ndiyo yanayowavuta watalii. Baridi yake, kwa anayeijua Makete mwezi wa saba, haihitaji maelezo.

Mimi nimeyafuata maji. Johannesburg haina mto mkubwa wala ziwa. Inalitegemea Bwawa la Vaal, ambalo nalo huongezewa maji kutoka Lesotho. Kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1986, maji ya Bwawa la Katse hupitishwa katika handaki chini ya milima, huzungusha mitambo ya umeme pale Muela, kisha huingia katika handaki jingine linalopita chini ya mpaka, na hatimaye hutokea hapa karibu na Clarens, katika Mto Ash. Yanatiririka hivyo tangu mwaka 1998, na Afrika Kusini huyalipia. Nimesimama ukingoni kwa muda mrefu nikiyatazama, nikikumbuka ndoo zote nilizokinga bila kujiuliza yametoka wapi.

Linalonigusa zaidi ni kwamba ukanda huu ulikuwa wa Wasotho. Katika vita vya miaka ya 1860 dhidi ya Makaburu wa Free State, Mfalme Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Waingereza, akaupata mwaka 1868, na taifa lake likanusurika. Lakini mashamba mazuri ya ng'ambo hii ya Mto Caledon, ambao wenyewe huuita Mohokare, hayakurudi, na mto ukawa mpaka. Ndiyo maana hapa Kgubetswana, mtaa ulio pembeni mwa mji, unasikia Kisotho kama kule ng'ambo. Waliponyang'anywa mashamba, Wasotho walibakiwa na milima, na ni milima hiyo inayoninywesha mimi, mgeni kutoka Tanzania.

Kesho asubuhi, Mungu akipenda, nitavuka mpaka pale Caledonspoort nielekee Butha-Buthe, alikoanzia utawala wake Moshoeshoe.