Hema, Ubani na Kona Hamsini na Saba

SAADA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu. Mie Saada, na Maalim Hamad huyu hapa mbele yangu, keshaanza kucheka kabla hata ya salamu.

HAMAD: Wa alaykumu ssalaam. Sicheki, Bi Saada. Nakupa mkono wa taazia.

SAADA: Mnamsikia? Basi ndiyo wiki yangu nzima hiyo.

HAMAD: Waeleze wenyewe, maana wapo mpaka sasa wanajua umefiwa.

SAADA: Sikufiwa! Mnakumbuka tulisema tunapanga kwenda Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, tukapige kambi. Hema nimeazima. Nikaona kabla ya kulipandisha mlimani nilijaribu kwanza nyumbani, nijue linasimamaje. Jumatano baada ya Alasiri nikalitandaza uwanjani, chini ya mshelisheli. Mawingu yakawa mabaya, nikamwambia shemeji afunge turubali kwa juu, kamba moja kwenye mti, nyengine kwenye nondo ya dirisha.

HAMAD: Turubali. Mbele ya nyumba. Alasiri.

SAADA: Nami nimo ndani ya hema nahangaika na vyuma, simwoni mtu. Natoa kichwa, mtoto wa jirani huyo, kajitwika viti vya plastiki. Namuuliza nani kakutuma? Kanambia, "Mama kasema tuanze na hivi, vyengine vinakuja."

HAMAD: Mtoto ana adabu yule.

SAADA: Kugeuka, kina mama wanne na mabuibui yao, kimya kimya. Mmoja kanishika mkono kanikalisha. Kila nikifungua mdomo ananambia, "Nyamaza mwanangu, usijisumbue kusema." Maalim, nilinyamazishwa pale mpaka karibu na Magharibi! Sheha naye kaja na daftari lake, anauliza maiti anatoka hapa au anasafirishwa.

HAMAD: (anacheka) Na habari ikafika Wete kabla ya Isha. Mama kanipigia, kanambia, "Mwenzio kafiwa na weye umekaa kimya, una utu gani?" Nikatuma ubani, mchango wa msiba, kwa simu papo hapo. Ndipo nakupigia, unanambia ulikuwa unajaribu hema.

SAADA: Elfu kumi. Nimeiona.

HAMAD: Na bado iko kwako.

SAADA: Tutafika huko. Kwanza niwaambie wasikilizaji Kitulo ni kitu gani.

HAMAD: Tufike sasa hivi.

SAADA: Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ipo baina ya Mbeya na Njombe. Ni uwanda wa majani juu ya milima, kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa Unguja kilima chetu kikubwa ni Masingini, na hakifiki hata mita 150. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, kwa maua. Kuna okidi za ardhini aina zaidi ya arubaini. Watu hawafuati simba wala tembo kule, wanafuata maua na ndege, na unatembea kwa miguu.

HAMAD: Na hizo okidi ndizo zilizoponza mpaka pakafanywa hifadhi. Mizizi yake ilikuwa ikichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia. Wenzetu wanapika chakula wanakiita chikanda, kinaliwa kama nyama. Kula ua mpaka mzizi! Haya, ubani.

SAADA: Ubani wa watu nimeurudisha. Nimezunguka mlango kwa mlango Alhamisi nzima. Wote wamepokea ila bibi mmoja wa nyumba ya pili. Kanitazama, kanambia, "Ubani haurudi, mwanangu. Uweke tu. Siku itakuja."

HAMAD: Subhanallah.

SAADA: Siku itakuja! Sasa ile elfu mbili ipo juu ya kabati, kila nikipita naitazama nayo inanitazama.

HAMAD: Mpe sadaka maskini.

SAADA: Nimefikiria. Lakini ni yake, kanipa kwa nia ya msiba. Nikiitoa sadaka, sadaka ya nani?

HAMAD: Yangu mie haina nia ya msiba tena. Nia imebatilika. Nirudishie.

SAADA: Yako imeingia kwenye mfuko wa safari. Umechangia Kitulo.

HAMAD: Bi Saada! Nimechangia marehemu asiyekuwepo, na sasa nachangia soksi zako?

SAADA: Soksi za nani? Za mitumba Darajani, tena za sufu. Na tuzungumze nguo kidogo, maana hapa Unguja mtu akisikia baridi anafikiria kipupwe. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita hivi. Piga hesabu: hapa mchana 28, kule 12 au 13. Huo mchana. Usiku unaweza kukuta umande umeganda juu ya hema.

HAMAD: Na weye umejaribu hema chini ya mshelisheli kwenye joto la Mungu! Umejifunza nini?

SAADA: Nimejifunza vyuma vyake. Vile vya kuchomeka chini vimepinda vitatu, hapa kwetu ukichimba kidogo tu ni jiwe. Na nimejua kwamba mkeka hautoshi. Baridi inayomtesa mtu kwenye hema inatoka chini, si juu. Ukiwa na blanketi tatu juu na mkeka chini, ardhi itakunyonya joto mpaka alfajiri. Lazima kitu kinene cha kulalia.

HAMAD: Ndiyo nikasema tuchukue seredani. Tunawasha mkaa nje, ukishika vizuri tunauingiza ndani ya hema, tunalala kama watu.

SAADA: Hapana.

HAMAD: Seredani ndogo.

SAADA: Hata iwe ya mchezo wa watoto! Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haimwamshi mtu. Unalala na unalala kweli. Hapo turubali litafungwa la haki, na yule bibi atapata raha, elfu mbili yake imefika mahali pake.

HAMAD: (anacheka sana) Basi, basi. Seredani nimeiacha. Itabaki nje, ya kupikia.

SAADA: Kupika nako kuna kazi. Juu kule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91, hayafiki 100. Unaona yanatokota, lakini moto wa ndani ni mdogo. Maharage utapika mpaka mkaa uishe.

HAMAD: Sipiki maharage. Nachukua mchele. Nimeshaweka kilo tano.

SAADA: Mchele gani?

HAMAD: Wa Mbeya.

SAADA: Maalim. Unanunua mchele wa Mbeya Darajani, unaupandisha boti, unaupandisha basi, unaurudisha Mbeya? Barabara ya Kitulo inaanzia Chimala, na Chimala ipo Mbarali, kwenye mashamba yenyewe ya mpunga!

HAMAD: Ule nimeuzoea. Najua unavyokunywa maji.

SAADA: Ukishapanda hutaujua tena, nimekwambia maji yanachemka mapema.

HAMAD: Haya. Turudi kwenye mwezi, maana hapo ndipo hatujaelewana. Mie nasema Oktoba.

SAADA: Nami nasema Januari.

HAMAD: Sababu zangu hizi. Kuanzia Septemba mpaka Novemba kule kuna jua, ndiyo wakati mzuri wa kutembea. Juni mpaka Agosti baridi na ukungu, hatutaki. Januari ni mvua. Tunapanda ile njia ya Chimala kwenda Matamba, yenyewe inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Kona 57, Bi Saada, na ukungu, na mvua, na dereva tusiyemjua.

SAADA: Na Oktoba utaona nini huko juu? Maua yanakuja Disemba mpaka Aprili. Tutoke Unguja, tuvuke bahari, tukae basi la Dar mpaka Mbeya, kilomita zaidi ya 800, tupande kona 57, halafu tutazame majani makavu? Majani makavu yapo Makunduchi.

HAMAD: Tutatazama milima. Mtorwi ule, mita 2,961. Mie mtoto wa Wete sijapata kuona kitu kirefu kuliko minazi na minara.

SAADA: Mlima Januari haupo?

HAMAD: Upo ndani ya wingu. Na radi je? Uwanda mtupu, hakuna mti, kitu kirefu kuliko vyote ni hema lako na vyuma vyake.

SAADA: Radi aghlabu inakuja mchana kuendelea jioni. Tunatembea asubuhi, mchana tunashuka Matamba tunakunywa chai.

HAMAD: Kwa hiyo si kupiga kambi tena, ni kunywa chai Matamba.

SAADA: Na weye safari yako si ya Kitulo, ni ya kutafuta barabara kavu. Na zamu yangu ya mchezo wa pesa inatoka Disemba. Oktoba nitakwenda na nini, na elfu mbili ya bibi?

HAMAD: Na elfu kumi yangu.

SAADA: Na elfu kumi yako!

HAMAD: Nitakukopesha.

SAADA: Sikopi kwenda kutazama nyasi.

HAMAD: Januari ikiteleza kidogo Ramadhani ndiyo hiyo, miaka hii inaingia Februari.

SAADA: Haitelezi. Wiki ya pili ya Januari, siku sita, tumerudi.

HAMAD: Hivyo hivyo ulisema ile safari ya Misali.

SAADA: Usilete Misali hapa.

HAMAD: Sileti. Lakini nimeuliza watu waliofika.

SAADA: Umemuuliza mtu mmoja, na alikwenda kununua viazi.

HAMAD: Viazi au si viazi, alipita ile barabara kwenye mvua. Kanambia walishuka wote kusukuma.

SAADA: Basi tutasukuma! Kwani weye umeumbwa kwa udongo gani? Mie nataka niyaone yale maua, Maalim. Ndiyo niliyoyafuata, si mlima.

HAMAD: Nami nataka nirudi.

SAADA: (kimya) Haya. Tusiwachoshe.

HAMAD: Swali moja la msikilizaji, zuri hili. Anauliza alfajiri kwenye baridi ile mtu anatawadhaje, anaruhusiwa kutayamamu?

SAADA: Weye ndiye Maalim.

HAMAD: Kama una moto na sufuria, utapasha maji, udhuru huna. Kama huna namna ya kuyapasha na unahofia madhara ya kweli, hapo ipo ruhusa. Lakini "najisikia uvivu" si madhara. Kwa hiyo seredani yangu ina kazi, nje ya hema.

SAADA: Hilo nakubali. Lile la kulala Mbeya usiku wa kwanza pia tumekubaliana, siyo?

HAMAD: Lile ndiyo. Mbeya ipo kwenye mita 1,700 hivi. Sisi wa pwani tukitoka sifuri mpaka 2,600 kwa mkupuo, kichwa kitatugonga, na kichefuchefu, na usingizi hauji. Tunapumzika pale, tunakunywa maji mengi, ndiyo tunapanda. Na mtu akizidiwa anashushwa, haambiwi avumilie.

SAADA: Sasa ile orodha. Tulikuwa na mambo saba ya kuwaambia kabla ya kupiga kambi mlimani. La kwanza...

HAMAD: Mwenye chumba anatuonesha saa.

SAADA: Saa hii?

HAMAD: Wale wa taarabu wapo mlangoni na kinanda chao.

SAADA: Hatujasoma hata moja! La kwanza tochi ya kichwani, la pili...

HAMAD: La pili wiki ijayo. Bi Saada, tiketi za basi. Mie kesho nakata za Oktoba.

SAADA: Kata yako.