Simu ya Mama Mkubwa na cheki ya kasi kabla ya kumerji

SELO: Haya tupo hewani, mi Selo, na huyu mnamjua.

MWAJU: Mnanijua, na leo nimekuja nimevimba kaka, tusicheleweshane.

SELO: Tumeona tangu kwenye grupu. Toa.

MWAJU: Wiki hii kwenye tovuti yetu ya tiketi za mabasi nimefungua puli rikwesti, yaani ombi la kodi yangu, maandishi ya programu, iingizwe kwenye tovuti, nimebadilisha namba ya simu ya ofisi, ile inayokaa chini kabisa ya ukurasa, tarakimu tu yaani, hakuna kingine. Cheki ya kasi, ile inayojipima yenyewe, ikaja nyekundu, merji, yaani kuiingiza hiyo kodi, imefungwa, LCP imevuka sekunde 2.5. Yaani mashine inasema kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kimechelewa kutokea, kisa namba ya simu ambayo mtu haioni mpaka ashuke chini!

SELO: Ukafanyaje?

MWAJU: Nikairudisha ipime tena, kodi sijagusa hata herufi, ikaja kijani. Afu wiki hiyohiyo kuna slaida ya mapicha mazito ya mabasi imepita kijani bila hata kuulizwa.

SELO: Hiyo slaida iko ukurasa gani?

MWAJU: Wa safari.

SELO: Na Lighthouse CI, ile zana inayofanya hiyo cheki, mmeipa anwani zipi ipime?

MWAJU: Wa mbele tu.

SELO: Sasa dada, pale mlitegemea nini? Ile ukishaiorodheshea anwani haizunguki kujitafutia nyingine, inapima hizohizo basi. Ukurasa wa safari ndo watu wanakaa, wanachagua siti, wanalipa, afu ndo haupimwi. Mi hapo ndo naumia kweli, maana Mama Mkubwa…

MWAJU: Wa Kilosa?

SELO: Wa Kilosa. Alikuwa anakata tiketi aje Dar, kabonyeza kulipa, kimya, kabonyeza tena, kimya, kaita mtoto wa jirani, na ye kabonyeza.

MWAJU: Kwa simu ileile yenye kioo kilichopasuka?

SELO: Ileile, na imejaa picha za asubuhi njema, maua, vikombe vya chai, njiwa, hataki kufuta hata moja, anasema hiyo ni salamu ya mtu unaifutaje.

MWAJU: Shikamoo yake Mama Mkubwa. Ila Selo, hapo ndo hoja yangu ilipo. Lighthouse kwa kawaida inaigiza simu, inabana intaneti mpaka megabiti 1.6 kwa sekunde, kila kwenda na kurudi inahesabu milisekunde 150, na prosesa inaipunguza mara nne. Mara nne ya nini? Ya ile mashine ya kukodi inayoendesha vipimo, leo inaweza kuwa nyepesi kesho imebanwa. Maua ya Mama Mkubwa hayamo kabisa.

SELO: Na kile kitufe chake hakimo. Kukwama ukibonyeza ni INP, kipimo cha muda ukurasa unaochukua kuitika, Google waliiingiza rasmi Machi 2024 badala ya kile cha zamani, FID, ukivuka milisekunde 200 hauko vizuri tena. Sasa kwenye cheki ya kawaida ukurasa unafunguka basi, hakuna mtu anayebonyeza, kwa hiyo wanaangalia TBT, muda ambao skripti zimeishika prosesa, ndo asilimia 30 ya alama yote ya Lighthouse 10.

MWAJU: Kwa hiyo tumwajiri Mama Mkubwa.

SELO: Tumwajiri! Mshahara bando.

MWAJU: Kila puli rikwesti inatumwa Kilosa, anabonyeza, akisema "mwanangu inalodi tu hii" inakuwa nyekundu.

SELO: Afu unaona cheki ya njano, bado inasubiri, imekaa masaa matatu, unauliza kulikoni, Mama Mkubwa yuko kikoba.

MWAJU: Na asizuiwe mtu kumerji mpaka amalize kikoba, maana akitoka amekasirikia hesabu hakuna kodi itakayopita siku hiyo.

SELO: Lakini naongea serious, Android unaichomeka kwa waya kwenye kompyuta, unafungua zana za Chrome, unaona skripti gani imeshika simu halisi. Akija Dar naiomba ile simu.

MWAJU: Na maua yake?

SELO: Yabaki yaleyale, ndo kipimo chenyewe.

MWAJU: Sawa, ila cheki ya sekunde isifunge merji. Ionye, iandike pale, mtu aamue. King'ora kikilia kila paka akipita watu wanakizoea, wanabonyeza irudie mpaka iwe kijani, na siku ya mwizi wanafanya vilevile.

SELO: Hapana. Kitu kisichofunga hakisomwi. Ijumaa jioni, bosi anataka slaida, nani atasoma onyo? Funga, afu tulizeni kipimo, pimeni mara tano mchukue namba ya katikati.

MWAJU: Ya katikati inapunguza kuyumba, haiondoi. Funga kwenye uzito basi, kilobaiti haziyumbi, faili la JavaScript, skripti za ukurasa, likivuka bajeti, ule ukomo wa uzito mliojiwekea, lisipite. Sekunde zionye.

SELO: Skripti ndogo tu ya kilobaiti chache inaweza kuzunguka ikaigandisha ile simu, na uzito wake uko ndani ya bajeti. Mama Mkubwa hapimi kilobaiti.

MWAJU: Na mtu anayezuiwa kwa tarakimu za simu haheshimu tena cheki, ataomba izimwe kabisa, nimeona ikizimwa.

SELO: Waizime mbele ya macho yangu.

MWAJU: Watazima ukiwa likizo.

SELO: Mi sitoki hapo.

MWAJU: Na mi sitoki.

SELO: Aisee, muda. Tulikuwa na yale mambo matatu ya kuwapa watu, kuandika bajeti, kulinganisha na branchi kuu, ile kodi kabla ya mabadiliko yako, na nini kile…

MWAJU: Picha kuwekewa upana na urefu ukurasa usiruke. Hatuwezi, zimebaki dakika mbili.

SELO: Basi ongezeni anwani ya ule ukurasa wa safari leo hii, mengine tutaona.

MWAJU: Ongezeni, ila isifunge.

SELO: Ifunge. Kwaherini.