Bi Mkubwa, Bwana Mkubwa na Kanuni ya Tisa

ZUHURA: Taa imewaka? Haya. Wasikilizaji hamjambo, ni sisi wale wale wa klabu ya uvuvi wa kujifurahisha. Leo tuna mafunzo matatu, nimeyaandika kabisa: jinsi ya kumrudisha samaki wa kina kirefu, jinsi ya kuandika barua kwa idara ya uvuvi hadi isomwe, na ule mpango wa kukusanya mishipi iliyotelekezwa miambani. Ila kabla ya hayo...

KOMBO: Kabla ya hayo anataka kulalamika.

ZUHURA: Nataka kueleza, kaka Kombo. Kulalamika nilimaliza Jumamosi jioni.

KOMBO: Hukumaliza. Mpaka mezani wakati wa kugawa zawadi ulikuwa unaendelea.

ZUHURA: Mashindano ya klabu, Jumamosi. Tuko mwamba wa nje, kipima kina kinasoma mita 42. Nimeteremsha chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, chambo ni ngisi mzima, ndoana ya mviringo. Mara nikashikwa. Jodari ukimnasa anakimbia, rili inalia. Huyu hakukimbia. Alirudi shimoni kwake, akakaa kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Nikavuta, nikapumzika, nikavuta. Anatoka, anaingia. Alipoelea juu, nahodha akanyamaza, na nahodha wetu mnamjua, hanyamazi.

KOMBO: Hilo nakubali.

ZUHURA: Chewa. Sentimita 118 kwa utepe. Nikampa jina papo hapo, Bi Mkubwa. Tumemlaza juu ya mkeka wa mpira uliolowa, picha mbili, tukampima na mzunguko wa mwili, sentimita 88. Halafu tukamrudisha. Nafika bandarini, mwamuzi mwenye kalamu ananiuliza: "Samaki yuko wapi?"

KOMBO: Na mwamuzi ni mimi. Wasikilizaji, nilimuuliza kwa adabu kabisa.

ZUHURA: Sifuri! Ameniandikia sifuri. Zawadi ikaenda kwa nguru wa kilo 11.

KOMBO: Nguru aliyekuwepo. Nguru aliyeninginia kwenye mizani, kila mtu akamwona. Kanuni ya tisa inasema samaki anahesabiwa akiwa mizanini, au akiwa amepigwa picha juu ya ubao wa kupimia wa klabu, pua imegusa kizuizi na mkia unaonekana. Ubao ulikuwa nao?

ZUHURA: Ubao una sentimita 100! Mkia ungekuwa hewani.

KOMBO: Basi mkia hauonekani ubaoni.

ZUHURA: Unaona ninavyoishi na mtu huyu? Samaki akizidi ubao anakosa alama kwa sababu ni mkubwa mno.

KOMBO: Sikuandika kanuni mimi. Mkutano mkuu uliipitisha, na wewe uliinua mkono.

ZUHURA: Niliinua mkono ili tuwe na njia ya kurudisha samaki akiwa hai. IGFA wenyewe, lile shirika la kimataifa la rekodi za uvuvi lililoanzishwa 1939, mwaka 2011 walianza kutambua rekodi za urefu kwa samaki wanaoachiwa. Kama wao wanaweza...

KOMBO: Kwa ubao wao rasmi. Picha ya samaki juu ya ubao. Utepe wa fundi nguo hawaukubali.

ZUHURA: Si wa fundi nguo. Na uzito nilikokotoa. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawanya kwa 800.

KOMBO: Hiyo ni ya inchi na paundi.

ZUHURA: Nilibadilisha! Inakuja kama paundi 70, ndiyo kilo 31 na kidogo. Karibu mara tatu ya nguru wenu.

KOMBO: Kwenye simu. Ukiwa boti inayumba. Haya. Mimi swali langu ni jingine. Kwa nini "Bi" Mkubwa?

ZUHURA: Kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Mwaka 2018 kulitoka utafiti katika jarida la Science, watu wamepima mayai ya aina nyingi za samaki wa baharini. Zamani hesabu zilidhani mama mwenye kilo 10 ana mayai sawa na mama kumi wa kilo moja moja. Si kweli. Mfano wao ni samaki anayeitwa kodi, yaani cod, wa Atlantiki: jike mmoja wa kilo 30 anataga mayai mengi kama majike 28 wa kilo mbili mbili. Wale 28 pamoja ni kilo 56! Ndiyo maana nasema, ukining'iniza mama mkubwa mizanini kwa ajili ya picha, hujaua samaki mmoja, umeua kundi zima.

KOMBO: Maneno mazuri sana. Ila huyo ni kodi. Wewe ulivua chewa.

ZUHURA: Ndiyo?

KOMBO: Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike. Wakikua wakubwa, baadhi yao hugeuka madume. Sentimita 118, dada yangu. Huyo hakuwa Bi Mkubwa. Huyo ni Bwana Mkubwa.

ZUHURA: Hujui hilo.

KOMBO: Na wewe hujui. Ulimwuliza?

ZUHURA: Aina nyingine si wote wanaogeuka, na ukubwa wa kugeuka unatofautiana.

KOMBO: Ndiyo, kwa hiyo inabidi umpasue umtazame. Sasa hayupo. Tuna picha mbili na jina la kike.

ZUHURA: Fundi wetu wa sauti anacheka huko nyuma ya kioo. Usicheke, wewe ndiye uliyemshika mkia.

KOMBO: Na tangu Jumapili kundi la klabu kwenye simu limechafuka. Kuna aliyetuma sauti anasema tumwite Mjomba. Mwingine anauliza kama mahari yarudishwe.

ZUHURA: Huyo wa mahari namjua, bado anadaiwa ada ya mwaka jana.

KOMBO: Bwana Mkubwa amepata umaarufu kuliko sisi.

ZUHURA: Sawa, tuchukulie ni dume. Nakupa. Unajua habari ya aina moja ya chewa wa Ghuba ya Mexico, wale wanaoitwa gag? Miaka ya 1970 madume walikuwa kama asilimia 17. Kufika miaka ya 1990 walibaki asilimia 2 hivi. Wavuvi walikuwa wanachukua wakubwa, na wakubwa ndio madume. Jike ana mayai, dume hapatikani. Kwa hiyo akiwa Bi, mwache. Akiwa Bwana, mwache zaidi! Umejifunga mwenyewe, kaka.

KOMBO: Sijajifunga. Hiyo asilimia 17 na asilimia 2 waliipataje?

ZUHURA: Walichunguza samaki.

KOMBO: Samaki waliovuliwa. Waliopasuliwa. Mtu alikaa bandarini na kisu, akatazama, akaandika: jike, jike, jike, dume. Na wakatoa yale mawe ya sikioni wakayakata vipande vyembamba, wakahesabu pete ili wajue umri. Samaki aliyerudi shimoni hatoi pete.

ZUHURA: Kwa hiyo tuwaue wakubwa ili tujue kwamba wakubwa wamepungua.

KOMBO: Sijasema hivyo.

ZUHURA: Umesema hivyo hivyo.

KOMBO: Nimesema klabu ikienda mbele ya idara kudai mwamba ufungwe msimu wa kuzaliana, tutaulizwa daftari. Sisi ni watu wa kujifurahisha, Zuhura. Kwenye kile chumba tunakaa na wavuvi ambao wakirudi mikono mitupu watoto hawali. Tukisema "samaki wamepungua, tunajua," watatuuliza mnajuaje. Tukijibu "rafiki yetu alimwona mmoja mkubwa sana, akampa jina," tumekwisha. Uaminifu wa daftari ndiyo silaha pekee tuliyo nayo. Nikikuandikia wewe alama bila ushahidi kwa kuwa tunarekodi kipindi pamoja, mwezi ujao kila boti italeta chewa wa mdomoni.

ZUHURA: Picha ipo!

KOMBO: Picha ya samaki na mguu wako. Mguu wako una namba gani?

ZUHURA: Thelathini na tisa.

KOMBO: Tuupitishe kama kipimo rasmi basi.

ZUHURA: Nakwambia hivi. Kwa sababu hizo hizo, kwamba sisi tunajifurahisha, ndiyo sheria yetu inapaswa kuwa kali kuliko ya mtu yeyote. Tukimrudisha hakuna anayelala njaa. Umesahau Little Cayman, kile kisiwa cha Karibiani? Mwaka 2001 waligundua pale chewa wa Nassau wanakusanyika kuzaa, siku zile zile za mwezi mpevu, kila msimu wa baridi. Misimu miwili tu, wamevuliwa kama 4,000. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku. Kufika 2018 walikuwa wamerudi hadi kama 7,000. Samaki walioachwa!

KOMBO: Kwa sheria. Iliyoandikwa na watu waliohesabu. Wazamiaji waliteremka kila mwaka na kamera na alama, wakahesabu. Hakuna aliyesema "niamini."

ZUHURA: Hawakuwaning'iniza mizanini vilevile.

KOMBO: Sawa. Halafu kuna jambo hulitaji. Mita 42. Ulijuaje huyo Bwana ameishi?

ZUHURA: Bi.

KOMBO: Huyo mheshimiwa. Alitoka akiwaje?

ZUHURA: Tumbo limetokeza kinywani, macho yamevimba. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo kama wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kule chini alikuwa na mgandamizo mara tano na zaidi, na akija juu ile hewa ya kwenye kibofu chake inatanuka mara tano hivyo hivyo. Ukimtupa tu anaelea, anachomwa na jua, ndege wanamaliza. Ndiyo sababu nilikuwa na kibanio. Unambana mdomo wa chini, kibanio kimefungwa kwenye chubwi zito la kilo mbili, unamshusha taratibu. Hewa inasinywaa kadiri anavyoshuka. Chini kibanio kinafunguka chenyewe. Mshipi ulitikisika mara moja, ukawa mwepesi.

KOMBO: Na hapo ndipo ulipojua ameishi? Mshipi ulipokuwa mwepesi?

ZUHURA: Marekani, sheria iliyoanza 2022 iliwataka wavuvi wa samaki wa miambani katika Ghuba ya Mexico wawe na kifaa hicho tayari, au sindano ya kutolea hewa. Wangelazimisha kitu kisichosaidia?

KOMBO: Kinasaidia. Mimi ndiye niliyeshauri klabu inunue. Ila kusaidia si kuhakikisha. Nguru wetu namjua alikokwenda, ameliwa na familia tatu. Wa kwako yuko kwenye sala. Kama kweli ulikuwa na nia ya kurudisha, usingevua mita 42. Ungekwenda mita 15, samaki mara nyingi anarudi bila vibanio wala mahesabu. Huwezi kumtoa kilindini kwa ajili ya mashindano, halafu ukadai sifa ya kumrudisha.

ZUHURA: Hiyo imeuma.

KOMBO: Haikukusudiwa kuuma.

ZUHURA: Ilikusudiwa. Na nakujibu: ratiba ya mashindano, ambayo kamati yenu iliandika, ina alama maradufu kwa samaki wa mwamba wa nje. Mnatutuma kilindini kwa alama, halafu mnatushangaa tumefika kilindini.

KOMBO: Alama maradufu zilikuwa za kolekole.

ZUHURA: Ndoana haichagui! Kolekole na chewa wanakaa nyumba moja. Ondoeni alama maradufu, ondoeni mizani, tushindane kwa urefu tu, mita 20 kuja juu. Nitaleta hoja.

KOMBO: Ukiondoa mizani unaondoa nusu ya wanachama. Watu wanakuja na watoto wao kutazama samaki akipimwa. Huyo mtoto ndiye atakayetuandikia barua baada ya miaka kumi. Ukimwonyesha picha ya simu anarudi nyumbani kucheza na simu.

ZUHURA: Ukimwonyesha chewa amekufa anajifunza kwamba mkubwa ni wa kufa.

KOMBO: Anajifunza kwamba mkubwa yupo.

ZUHURA: Kwa siku hiyo moja.

KOMBO: Basi hapo tumefika mwisho wa barabara, maana mimi kanuni ya tisa siigusi mpaka mkutano uiguse.

ZUHURA: Na mimi zile alama sizisamehi. Andika hilo kwenye daftari lako la uaminifu.

KOMBO: Fundi anaonyesha vidole. Tatu? Dakika tatu zimebaki?

ZUHURA: Haiwezekani! Barua hata hatujaigusa.

KOMBO: Toa moja.

ZUHURA: Haya, mbio mbio. Barua iwe ukurasa mmoja, ombi moja, iseme mwamba gani na miezi gani...

KOMBO: Na namba za daftari.

ZUHURA: ...na namba, ndiyo, na namba. Tuliweka barua nzima ya mfano, tungeisoma mstari kwa mstari. Imeshindikana. Mishipi nayo, wale mliosema mna magunia, yawekeni ghalani, msichome. Moshi wa nailoni si wa kuvuta.

KOMBO: Na ubao mpya?

ZUHURA: Ubao gani?

KOMBO: Kamati imeagiza ubao wa sentimita 150. Niliuomba mimi, Jumapili asubuhi.

ZUHURA: Jumapili! Siku moja baadaye! Kwa hiyo ulijua kwamba...

KOMBO: Sikujua chochote. Ubao wa zamani umepauka namba.

ZUHURA: Wasikilizaji mmesikia. Tumeni sauti zenu, na safari hii si kuhusu mahari. Nataka kujua wangapi wataniunga mkono kwenye hoja.

KOMBO: Na waliolipa ada tu ndio watakaopiga kura.