Wafu wa Kagera na Wavuvi Waliowazika

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mwaka 1994 kama tulivyouona sisi watoto wa mwalo wa Kasensero, hapa Uganda kando ya Ziwa Victoria. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifanyika Rwanda, yakaanza tarehe 7 Aprili. Sisi hatukusikia risasi wala kuona panga. Kwetu yalifika kwa maji.

Mto Nyabarongo wa Rwanda humwaga maji yake mto Kagera, Kagera inaporomoka Rusumo mpakani mwa Rwanda na Tanzania, inazunguka mbali, kisha inaingia Ziwa Victoria hapa kwetu. Njia hiyo ilikuwa imetajwa mapema. Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera alisimama mbele ya umati huko Kabaya, Rwanda, akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Mtu akiwaambia kwamba mauaji yale yalikuwa hasira za ghafla baada ya ndege ya rais wa Rwanda kutunguliwa, mkumbusheni hotuba hiyo.

Maiti walinasa kwenye magugumaji. Wengine mikono ilikuwa imefungwa kamba nyuma. Nilimwona mama mmoja, mtoto yuko mgongoni, kitenge kimekazwa na fundo liko kifuani, kama mtu anayekwenda sokoni. Mtu mzima mmoja alinivuta mkono akaniambia nisitazame. Nilikuwa nimeshatazama.

Samaki wakakosa mnunuzi. Watu wa mjini walisema sangara wamekula watu, na mwalo mzima ukalala njaa. Hata maji ya kunywa yakawa shida, maana ziwa ndilo lilikuwa kisima chetu.

Nani aliwatoa majini? Wavuvi, kwa mitumbwi ileile ya kuvulia. Waliwavuta mmoja mmoja, wakawafunga kwenye karatasi za nailoni, wakawazika. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Jioni alivua nguo nje kabla ya kuingia ndani, na chakula mara nyingi kilimshinda. Hakuuliza kabila la mtu. Alisema tu, "Huyu ana mamake mahali."

Leo kuna makaburi matatu ya kumbukumbu: Kasensero, Lambu upande wa Masaka, na Ggolo upande wa Mpigi. Humo wamelala watu zaidi ya 10,000, na karibu wote hatujui majina yao. Kila mwaka wageni wanakuja, wanaweka maua, hotuba zinasomwa, na mimi nashukuru kwa moyo wote. Lakini nimehudhuria mara nyingi, na bado sijaona mvuvi akipewa kipaza sauti. Linaniuma sana hilo. Wao ndio waliowagusa marehemu hawa kwa mikono yao, na wanazeeka, wengine wametangulia. Sisi watoto tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza mpaka tukawa na watoto wetu.

Vijana, simu mnazo. Wafuateni wazee hawa majumbani. Waulizeni walichimba wapi kwanza, kabla ya makaburi haya kujengwa. Waulizeni waliona nguo gani, shanga gani, kovu gani. Huko Rwanda yupo mtu anayejua dada yake alivaa nini siku ile, na hajawahi kuambiwa dada huyo aliishia wapi.

Mimi naishia hapa. Pale mstari wa mbele amekaa mzee aliyekuwa na mtumbwi Kasensero mwaka ule. Naomba apelekewe kipaza sauti.