Kiangazi, Treni na Mfuko wa Mwanafunzi

Mhadhara kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, Leipzig

Hamjambo wote. Mliokaa huko nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzunguka Ulaya kwa treni likizo ya kiangazi bila kurudi na deni. Ramani mtaitazama wenyewe. Mimi nitakaa zaidi kwenye nauli, maana nauli za huku ndizo zinazowachanganya watu wetu.

Kwetu tumezoea nauli iliyopangwa. Kata tiketi ya SGR ya Dar kwenda Morogoro leo, ikate kesho kutwa, maadamu daraja ni lilelile bei haibadiliki. Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa nayo ni hivyo hivyo. Huku treni ya masafa marefu inauzwa kama ndege. Siti za bei ya chini hutangulia kuisha, na anayenunua asubuhi ya safari aweza kulipa mara kadhaa ya jirani yake aliyekaa naye bega kwa bega. Lakini pembeni kuna treni za mikoa, hizi zinazosimama kila kijiji, na nauli zake kwa kawaida hazipandi wala hazishuki. Kwa hiyo nafuu inapatikana kwa njia mbili: ununue mapema, au ukubali kwenda polepole. Asiyeweza lolote kati ya hayo mawili ndiye hasa mteja wa pasi, yaani tiketi moja inayotumika kwa siku kadhaa katika nchi nyingi.

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya pasi. Interrail ilianza mwaka 1972, muungano wa kimataifa wa mashirika ya reli, UIC, ulipotimiza miaka 50. Wakati ule ilikuwa ya vijana wasiozidi miaka 21. Siku hizi inafika nchi 33, kila umri unaruhusiwa, na wasiozidi miaka 27 wanapunguziwa. Mtandaoni mtakuta majina mawili, Interrail na Eurail, na watu huchagua lolote. Sivyo. Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, Eurail ni ya wanaoishi nje. Wewe mwenye kibali cha kuishi Ujerumani ni wa Interrail hata kama pasipoti yako ni ya Burundi. Mama akija kukutembelea kutoka Bujumbura, yeye ni wa Eurail.

Hapo pana jambo dogo ambalo watu hulisoma wakiwa wameshalipa: ndani ya nchi unayoishi, Interrail inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, basi. Halafu, pasi inakupa ruhusa ya kusafiri, si lazima ikupe siti. Treni za kasi za Ufaransa, ziitwazo TGV, na zile za Italia na za Hispania, zote zinadai ulipie nafasi juu ya pasi. Ufaransa wameweka na kiwango: nafasi za wenye pasi kwenye TGV ni za kuhesabu, na Julai na Agosti zinaisha mapema. Eurostar, treni ya kwenda London, ndiyo usiseme. Ujerumani, Austria na Uholanzi kwa kawaida unapanda tu. Uswisi vilevile, na huko pasi inalipa kwelikweli kwa sababu nauli ya kawaida inauma.

Sasa tupige hesabu. Pasi ya siku nne ndani ya mwezi mmoja, kwa kijana, inazidi euro 200. Yaani kila siku ya safari imekugharimu zaidi ya 50. Kama tiketi ya siku hiyo ungeipata kwa 20, umejipiga mwenyewe. Ndiyo maana kwa mfuko wa mwanafunzi mimi siwashauri kuanzia Paris na Barcelona. Nawashauri mashariki, kisha mshuke kusini.

Tuchukue mzunguko mmoja. Wengi wenu mnayo Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ndani ya tiketi ya muhula. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, na tangu Januari 2026 ni 63 kwa anayeinunua mwenyewe. Haipandi ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu, ila treni za mikoa za nchi nzima ni zako. Basi Leipzig hadi Dresden hamlipi kitu. Kuanzia Dresden ndipo mnakata tiketi ya Praha, na hapa sikilizeni vizuri: treni ni moja, lakini Wajerumani wanaiuza kwa bei yao na kampuni ya Wacheki, České dráhy, kwa bei yake. Fungueni kote kuwili kabla ya kulipa. Safari ni kama saa mbili na nusu. Kaeni upande wa kushoto, mto Elbe na majabali yake viko upande huo.

Kutoka Praha kuna treni za moja kwa moja hadi Budapest kupitia Bratislava, na wanaonunua mapema hupata bei nzuri sana. Budapest mwezi wa Agosti ni joto, wenzangu wa Dar mtajisikia nyumbani. Kisha Vienna, chini kidogo ya saa tatu. Vienna kupendeza inapendeza, ila kulala ni ghali. Mimi ningekaa usiku mmoja. Jambo la kutoharakisha ni treni ya mchana ya Vienna kwenda Ljubljana. Inapanda Semmering, reli iliyofunguliwa mwaka 1854 chini ya mhandisi Carl von Ghega, ikipita madaraja na mahandaki milimani kabla hata dunia haijawa na baruti ya dainamaiti. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998. Unaitazama kwa nauli ileile ya kwenda Ljubljana, hakuna kiingilio.

Ljubljana hadi Trieste, kagueni ratiba kwanza, treni si nyingi na mara nyingine basi ni afadhali. Mkishaingia Italia mnapumua: treni za mikoa, Regionale, zina bei isiyobadilika, hakuna haja ya kununua mapema, na Trieste hadi Venezia ni kama saa mbili. Tiketi ya karatasi igongeni muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni faini, na mkaguzi hatasikiliza kwamba wewe ni mgeni. Laleni Mestre, dakika kama kumi kwa treni kutoka Venezia yenyewe. Kurudi ni Verona, Brenner, Innsbruck, halafu Kufstein. Kufstein iko Austria lakini Deutschlandticket inafanya kazi kuanzia hapo. Treni za mikoa hadi Leipzig zitakula siku nzima, kwa hiyo jipakieni chakula.

Maana kitanda na tumbo ndivyo vinavyomaliza pesa, kuliko treni. Hosteli ni kitu cha Wajerumani wenyewe: ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 kwenye ngome ya Altena, na mwalimu mmoja, Richard Schirrmann. Chagueni yenye jiko. Jumapili maduka mengi Ujerumani na Austria yanafungwa, isipokuwa ya stesheni, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu Austria, Slovenia na Italia pia. Nunueni mkate siku moja kabla. Treni ya usiku inaokoa kitanda, kweli, lakini siti ya kukaa usiku kucha mimi simshauri mtu aliyepita miaka thelathini.

(Kicheko.)

Karatasi. Kibali chako cha Ujerumani kinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, hadi siku 90 katika kila siku 180. Bebeni kibali na pasipoti, vyote viwili, halisi, siyo picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi hupanda treni. Uingereza haimo Schengen; visa yake ni nyingine. Na mgeni wako mwenye visa ya kuingia mara moja tu asitoke nje ya Schengen kwa udadisi, hata kwa saa moja, kwa sababu akitoka imekwisha.

Naona mkono. Ndiyo, dada.

(Swali: je, tiketi zote zinunuliwe kwa pamoja mapema?)

Hapana. Nunua mapema zile za masafa marefu zinazovuka mpaka, za mikoa za Italia ziache hadi siku yenyewe. Treni ikichelewa dakika 60 una haki ya kurudishiwa robo ya nauli, dakika 120 nusu. Lakini hiyo ni nauli ya treni iliyochelewa. Kama tiketi ya pili uliinunua kivyake na treni yake imeshaondoka, hasara kwa kawaida ni yako. Kwa hiyo unapounganisha tiketi mbili tofauti, acha saa mbili katikati. Vienna, kwa mfano, acha tatu.