Nipe Mashudu, Mafuta Baki Nayo

Mbukwenyi! Asanteni. Wageni wa kutoka Pwani msishangae, hiyo ni salamu ya Kigogo, mtazoea.

Nimeombwa niseme wazo zuri la biashara linatoka wapi. Naanza na wazo lililofia Kongwa, hapo jirani, mkoani Dodoma. Mwaka 1946 Uingereza ina uhaba wa mafuta ya kula. Wataalamu watatu wanatumwa, wanazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, kisha wanaandika kwamba karanga zilimwe kwa mamilioni ya ekari, nyingi hapa Tanganyika. Kazi inaanza 1947. Mwaka 1951 imefungwa, na pauni milioni 36 zimekwenda. Udongo ule wa mfinyanzi ukikauka ni saruji, na karanga ziko chini yake! Mvua ya Ugogo nayo mnaijua ilivyo haba. Mgogo alikuwa akilima mtama na uwele, akiba yake ikiwa ng'ombe. Sababu ilikuwa imesimama shambani, wao wakaipita kwa juu.

Basi na mimi nikafanya Kongwa yangu ndogo. Mnacheka? Nilinunua mashine ya kukamua alizeti kwa mkopo, kwa sababu kila niliyemuuliza alisema mafuta yanalipa. Sikuuliza yanamlipa nani. Jirani zangu walikuwa na mashine tano, na bei ya dumu ilikuwa ikishuka kila mavuno yakiingia. Mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua na ambayo mifugo hula, nilikuwa nayarundika nyuma ya kibanda, mbuzi wa watu wakija kujipakulia.

Siku moja, mwezi wa kumi, nyasi zimekwisha kabisa, akaja mzee mmoja mfugaji. Nikamwonyesha mafuta. Akaniambia, "Mama, nipe mashudu, mafuta baki nayo." Akachukua magunia matatu, akalipa taslimu bila kupunguziwa. Wiki iliyofuata alirudi na shemeji yake.

Nikaacha kuuza mashudu wakati wa mavuno, yakiwa bei ya kutupa, nikayahifadhi hadi kiangazi kikali. Msimu wa kwanza nusu yaliota ukungu kwa sababu niliyafunga yakiwa bado na joto la mashine. Hasara ile iliniuma, lakini ilikuwa ya stoo moja, si ya mkopo mzima. Sasa nayaanika, nayapoza, ndipo nashona magunia. Wakulima wengine siwatozi hela ya kukamua: wanachukua mafuta yao, wananiachia mashudu.

Kenya nako, mnaijua M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Wenye mradi wakawafuata, na 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Walikuwa na akili ya kutowakataza, maana wengine tungeweka tangazo la onyo.

Kijana pale nyuma ameuliza kuhusu andiko la mradi. Liandike, benki watalidai. Ila kabla ya ukurasa wa kwanza, uza gunia moja kwa mtu asiye ndugu yako.

Jana mama mmoja wa Chamwino kanipigia, anauliza kama mashudu yanaweza kufungwa kwenye mifuko ya kilo tano kwa wafugaji wa kuku wa mjini. Sijui bado. Nimemwambia anunue mifuko kumi.