Mama ndo anaficha kazi yangu, mimi wala

Haya wadau zangu wa Tanga, mambo vipi, leo kamera haiendi Westlands, nipo kwangu hapa Kawangware, Nairobi, bedsita, mnaiona yote hiyo, ukinyoosha mguu unagonga jiko.

Mmeniuliza mbona kila video namtaja Papa Shirandula. Kwa msiomjua, ilikuwa komedi ya Citizen TV, Papa ni soja, yaani mlinzi, na mkewe Wilbroda hajui, anajua mume ana kazi ya maana mjini. Aliyemcheza ni Charles Bukeko, alifariki Julai 2020, Mungu amrehemu. Huko nyumbani nilikuwa naona vipande nacheka tu, mtu mzima na tumbo lake anakimbizana na uongo! Sasa nimekuja huku kwa kazi ya duka, duka likafungwa, nikapata kulinda maapatimenti Kileleshwa zamu ya usiku, ndo nikaanza kumwangalia tena YouTube asubuhi kabla sijalala na jamani sicheki zile sehemu za zamani, nawacheka mabosi, maana nawajua, yule wa honi mara tatu na mkono wangu ushashika geti tayari.

Dada yangu yeye ananiita Maria, yule msichana wa mtaa wa mabanda aliyeenda kuishi kwa matajiri, hiyo nayo ya Citizen, ilianza 2019. Dada bwana! Maria aliingia kwenye jumba, mimi nafungua geti waingie wengine.

Ila kwetu mambo yamegeuka kidogo. Mama nilimwambia siku ile ile nilipopewa sare. Anayeficha ni yeye! Akiulizwa harusini mwanao yuko wapi siku hizi anajibu "yupo kampuni ya ulinzi Nairobi", wala si uongo, halafu ananyamaza hapo hapo, watu wanajijazia wenyewe meza, kompyuta, kiyoyozi. Yaani Wilbroda ndo anamficha Papa. Na simlaumu, mimi nimeizoea hii kazi kwa sababu naamka nayo, yeye kule kila siku anakutana na watu walioniaga kituo cha basi na suti yangu.

Basi mashangazi mnaoangalia, kampuni ya ulinzi ndo hii, sare ile pale nimeianika, na lile koti zito msicheke, mwezi wa saba Nairobi usiku ni friji. Mkimwona mama msimchokoze. Ngoja nilale, naingia saa kumi na mbili.